Komeo Limefunga, Rafu Imeanguka: Kutafuta Ugonjwa kwenye Rafu za Kupandisha na Mifereji ya Mashine

Mwenye duka la vipuri alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. "Fundi, rafu imelala chini. Ila pini zako zote nzima." Alisema kwa kejeli, nami nilipofika nikakuta ni kweli. Rafu ya tatu ilikuwa imeilalia ya pili, makopo ya oili yamebingirika hadi mlangoni, na pini nne za milimita 6 zimenyooka kama siku nilipozinunua. Nikachukua moja nikairudisha kwenye tundu lake la nguzo. Ikacheza. Tundu nililolitoboa duara lilikuwa na umbo la yai, na chini ya yai hilo bati limekunjuka nje kama mdomo wa kopo lililofunguliwa kwa kisu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeipa pini kazi mbili: kukomea rafu na kuibeba. Siku hizi nikiitwa kuangalia rafu ya kupandisha na kushusha, au kilango cha mfereji wa mashine ya kusaga (njia ya bati inayopitisha nafaka), swali langu la kwanza ni mzigo unapita wapi mpaka ufike sakafuni. Nikikuta unapita kwenye komeo lenyewe, nusu ya ugonjwa nimeshaipata. Komeo kazi yake ni kuzuia kitu kisitoke mahali pake. Kubeba ni kazi ya kikalio, yaani sehemu ambayo rafu inaikalia.

Kabla ya kushika spana

Usinyooshe kitu, usipige nyundo, usifute vumbi. Watu huwahi kurudisha rafu mahali pake, na ushahidi wote unapotea. Shusha mzigo, washa tochi ya simu, imulike nguzo kwa ubavu na si kwa mbele, kisha tafuta mahali rangi imetoka chuma kikawa kinang'aa.

Mng'ao ukiwa chini ya tundu, pini inabeba. Ukiwa juu ya tundu, kuna kitu kinaisukuma rafu kwenda juu, na hilo wengi hawalitegemei. Ukiwa pembeni, fremu inayumba kushoto na kulia. Na ukiona unga mwembamba wa kahawia unatoka kwenye maungio, vyuma vinasuguana kwa mtetemo hata kama nati inaonekana imekaza. Piga picha, kisha pitisha mstari wa kalamu ya rangi juu ya nati hadi kwenye bapa la chuma lililo chini yake. Ukirudi kesho ukakuta mstari umekatika, nati imezunguka, na hakuna wa kukubishia.

Rafu inashuka kidogo kidogo, au pembe moja imeinama

Huu ndio ugonjwa wa lile duka, na nitakaa hapa kwa muda kwa sababu ndio unaonipa kazi nyingi.

Chukua rafu iliyopakiwa kilo 240. Kila mtu atagawa kwa nne apate kilo 60 kila pembe. Rafu ya pembe nne haigawi mzigo kwa haki hivyo. Tundu moja likiwa juu ya mengine kwa milimita moja tu, rafu hukaa kwenye pembe mbili zinazotazamana kimshazari, kama meza yenye mguu mfupi. Sasa kila pembe kati ya hizo mbili ina kilo 120. Kisha kijana wa dukani analiachia boksi badala ya kuliweka. Mzigo unaotua ghafla, hata usiporushwa, huweza kubana mara mbili ya uzito wake. Tufanye ni kilo 240 kwenye pini moja.

Nguzo yangu ilikuwa ya bati la milimita 1.2. Pini ya milimita 6 inakalia eneo la 6 mara 1.2, yaani milimita za mraba 7.2. Kilo 240 gawa kwa 7.2 ni kama kilo 33 kwa kila milimita ya mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kusalimu amri kwenye kilo 25 hivi. Pini yenyewe, ikikatwa katikati, ina eneo la milimita za mraba 28. Inasikia kilo 8 na nusu tu kwa kila milimita. Ndiyo maana pini ilikuwa nzima na tundu limekuwa yai. Fundi anayekimbilia kuweka pini nene zaidi ya chuma kigumu anatibu mguu wa jirani wa mgonjwa.

Dawa ni kuongeza unene pale pini inapokaa. Mimi huchomelea bapa la milimita 5 nyuma ya mstari wa matundu, na eneo la kukalia, pamoja na bati la nguzo, linapanda hadi milimita za mraba 37 hivi. Bora kuliko hapo, usiiache pini ibebe kabisa: kata nafasi zenye mdomo kwenye nguzo, rafu iwe na kulabu pana zinazokaa humo kwa uzito wake, na pini ibaki ya kuzuia kulabu zisipande. Rafu za maghala zenye matundu ya umbo la tone la maji, yale yanayopandana kila inchi 2, zinafanya kazi kwa akili hiyo. Tundu ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo kadiri unavyopakia ndivyo kichwa cha kulabu kinavyojikaza kama kabari.

Kuna sababu mbili nyingine za pembe kuinama. Ya kwanza ni pini iliyotokeza mbali na nguzo: ikibeba rafu sentimita moja nje ya bati, inapinda kama tawi, na tundu linaliwa juu kwa upande wa ndani na chini kwa upande wa nje. Sogeza mzigo uguse nguzo, au shika pini pande zote mbili. Ya pili ni matundu yaliyotobolewa kwa futi na jicho. Pima maji iliyolala juu ya rafu moja haikuonyeshi kitu. Weka nguzo zote nne pamoja sakafuni, zibane, pitisha fimbo moja kwenye matundu ya nguzo zote. Isipopita, hapo ndipo kosa lilipo. Mimi hutengeneza kigezo cha bapa nene chenye matundu mawili: pini inakaa kwenye tundu lililokwisha kutobolewa, drili inaingia la pili, na makosa hayarundikani.

Kwa kabati za mbao ugonjwa ni uleule kwa sura nyingine. Vigingi vya milimita 5 kwenye matundu yanayopishana milimita 32 vimeenea dunia nzima, lakini mbao za vumbi zilizobanwa zikinyonya maji tundu hulegea, na kigingi hutoka na ukoko wake. Usijaze gundi ukatoboa palepale. Hamia tundu la juu au la chini, au ingiza kikombe cha chuma.

Rafu imeruka kutoka kwenye nguzo, na hakuna aliyeigusa

Mtu ameigusa, kutoka chini. Kuli amenyanyua gunia lililo rafu ya chini na bega lake likaisukuma ya juu. Au uma wa foklifti umepanda sentimita tatu kupita kiasi. Kulabu zinazokaa kwa uzito hutoka kwa urahisi uleule zilivyoingia ukizisukuma upande wa pili.

Katika maghala yanayotumia foklifti jambo hili lina kanuni. Wazungu wa Ulaya, katika kiwango cha EN 15512, wanataka kizuizi cha boriti kihimili msukumo wa bahati mbaya wa kilonewtoni 5 kwenda juu, sawa na kilo 510 hivi. Wamarekani wanataka pauni 1,000 kwa kila kiungo, ambazo ni kilo 454. Rafu ya dukani inayopakiwa kwa mkono haihitaji kiasi hicho, ila mtu mzima akinyanyua kwa mgongo anaweza kuipandisha rafu tupu bila kujua.

Angalia kama kizuizi kipo. Mara nyingi utakuta kilipotea siku rafu iliposogezwa, na mahali pake pamewekwa msumari au waya wa kufungia nondo. Waya hunyooka. Msumari hukaa ukicheza, na unaocheza hutoka. Halafu angalia kama kizuizi kinatoka kwa upande uleule rafu inakotoka. Kikiwa hivyo, mtikisiko mmoja unavitoa vyote viwili. Komeo zuri linafunguka kwa mwendo usiofanana na mwendo wa mzigo. Rafu inatoka juu? Komeo lifunguke kwa kuvutwa pembeni. Mzigo unasukuma mbele? Komeo lizungushwe. Na kizuizi kifungwe kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo, maana kile cha mfukoni hakirudi.

Jaribio ni rahisi. Rafu ikiwa tupu, simama chini yake, weka mabega, sukuma. Ikipanda zaidi ya milimita chache, hiyo haijakomewa.

Linaonekana limefunga, kumbe halijafunga

Komeo la namna hii ni baya kuliko lililovunjika, kwa kuwa lililovunjika kila mtu analiona.

Nikutolee mfano wa pini ya springi, ile unayoivuta kwa kidole na kuiachia iingie tunduni. Rafu ikiwa imepishana na tundu kwa milimita mbili, ncha ya pini inakaa juu ya bati, springi imeibana, na kichwa chake ukikitazama kwa nje kimeingia karibu sawa na vingine. Mpakiaji anaweka mzigo. Rafu inakaa kwa msuguano hadi usiku, gari kubwa linapopita barabarani.

Chunguza kwanza rangi. Rangi ya unga inayookwa tanuri huacha ngozi ya maikroni 60 hadi 80. Tundu lina kuta mbili, kwa hiyo linapungua kwa milimita 0.12 hadi 0.16. Ukitoboa milimita 8 kwa pini ya milimita 8, kabla ya rangi inaingia kwa kusukumwa na baada ya rangi haiingii. Toboa 8.5, au ziba matundu kabla ya kupaka. Kisha angalia vinyweleo vya chuma vilivyoachwa na drili upande wa ndani, ambako mkono haufiki; tupa ya duara inavimaliza kwa dakika moja. Kisha urefu: ncha inatakiwa ipite bati lote na itokeze angalau nusu ya kipenyo chake.

Lakini hata ukirekebisha yote hayo, bado mtu atakosea siku moja, na hapo ndipo ubunifu unapoanza. Paka shingo ya pini rangi nyekundu, ile sehemu ambayo huzama pini ikiingia kikamilifu. Nyekundu ikionekana, haijafunga. Kwa komeo la mpini, panga mpini usiweze kulala chini mpaka ulimi uwe umeingia wote: chomelea kipande kidogo cha chuma kinachougonga mpini ukiwa nusu. Mtu akipita mbali anaona mpini mmoja umesimama kati ya kumi iliyolala. Nimeacha kabisa kutumia makomeo yanayofanana yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, hata kama ni ya bei nafuu na mteja analalamika.

Nati za mfereji zinalegea kila wiki

Hapa tunaingia kwenye mashine ya kusaga. Mota ya kawaida inayozunguka kama mara 2,900 kwa dakika, ikizungusha nyundo za kupondea nafaka na moja ikawa imelika kuliko wenzake, inautikisa mfereji mara 48 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni mitikisiko 174,000. Nati gani itavumilia?

Mwaka 1969 Gerhard Junker, mhandisi wa Kijerumani, alionyesha kinachotokea: bolti hailegezwi hasa na mvutano wa urefu wake, inalegezwa na vipande viwili vinavyoteleza kwa ubavu kati ya kichwa na nati. Kila vikiteleza, msuguano wa nyuzi unakatika kidogo na nati inajifungua yenyewe. Tangu hapo mashine za kujaribu nati hutikisa kwa ubavu, na washa ile ya springi iliyokatwa, ambayo mafundi wote tumelelewa nayo, haifui dafu kwenye majaribio hayo.

Kwa hiyo ukiona nati ya mfereji inalegea, usianze kwa kukaza zaidi. Uliza vipande vinateleza kwa nini. Sababu yangu ya kwanza huwa tundu kubwa mno, milimita 12 kwa bolti ya milimita 8, lililopanuliwa ili kazi ya kufunga iwe rahisi. Ya pili ni raba au rangi nene katikati ya vipande: inafinyika, na mkazo wa bolti unapotea bila nati kuzunguka hata kidogo, ndiyo maana ule mstari wa kalamu ni muhimu kwa kutofautisha. Ya tatu ni bolti fupi na nene kwenye bati jembamba, haina urefu wa kunyumbuka. Weka bomba fupi chini ya kichwa ili bolti iwe ndefu.

Nati yenye pete ya nailoni ni nzuri mbali na joto. Ikikaribia nyuzi joto 120 nailoni inalainika, na ukiifungua na kuifunga mara nyingi inabaki nati ya kawaida yenye pambo. Kwenye sehemu inayofunguliwa kila siku nisingetumia nyuzi kabisa. Weka pini yenye spilti (kipini cha waya kinachokunjwa ncha), au kabari.

Kabari ina hesabu yake. Chuma juu ya chuma kikavu hujishikilia mwinamo ukiwa chini ya nyuzi 8 hivi. Kikiguswa na oili, chini zaidi. Mimi hukata 1 kwa 10, ambayo ni nyuzi 5.7. Hata hivyo mtetemo huirudisha kabari nyuma polepole, kwa hiyo nayo hukomewa na spilti kwenye ncha.

Kilango cha mfereji kinafunguka chenyewe

Mama mmoja mwenye mashine alikuwa amefunga kilango chake kwa kipande cha kanga. Kilango ni bati linaloteleza chini ya hopa, yaani chombo cha juu kinachomiminiwa nafaka, na lilishikwa na bolti ya masikio iliyolibana kwa ncha. Nilipolitoa bati nikakuta mchoro mrefu, mfereji mdogo uliochimbwa na ncha ya bolti, umeteremka kutoka alama ya "nusu" hadi "wazi". Bolti haikuwahi kulegea. Ilikuwa inalima.

Msuguano peke yake haukomei kitu kinachotetemeka. Kata meno kwenye ukingo wa bati, kila sentimita moja, na uweke ulimi wenye springi unaoingia kwenye jino. Upande wa jino unaobeba uwe wima kabisa. Ukiwa na mwinamo, mtetemo utaupandisha ulimi. Na kama nafasi inaruhusu, geuza kilango kifunguke kwa kwenda juu, ili siku komeo likishindwa kijifunge kwa uzito wake. Mahindi yakikatika mashine inasaga hewa tu. Yakimiminika yote kwa mkupuo, mota inazidiwa.

Komeo limeganda

Unga na grisi ni ugali. Usipake grisi kwenye reli ya kilango. Acha reli iwe na nafasi wazi kwa chini ili unga udondoke, na ipigwe brashi kila jioni. Sehemu za pwani kutu huingia kwenye springi kwanza. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, hiyo tu, kwingine unaweza kuvumilia. Na usikate komeo lililoganda kwa grainda wakati vumbi la unga limetanda. Vumbi la unga hewani hulipuka. Zima, fagia, fungua milango, subiri.

Mfereji wa zege unaokunjwa

Ile ya nyuma ya magari ya zege. Ukilalamikiwa kuwa pini "haitoki", karibu kila mara uzito wa kipande kilichokunjwa unaikalia pini. Dereva anaipiga nyundo, inachomoka, na kipande kinamwangukia mkononi. Weka kikalio cha kushika kipande kikiwa kimekunjwa, ili pini itoke kwa vidole viwili. Pini ikihitaji nyundo, usiivute. Inua uzito kwanza.

Makomeo yote mazima, lakini rafu inayumba

Huu si ugonjwa wa komeo. Weka mkingamo wa kimshazari nyuma na ubavuni, funga nguzo ukutani, simamisha kwa timazi. Nimeona watu wakibadilisha pini mara tatu kwa tatizo hili.

Kwenye lile duka nilichomelea mabapa nyuma ya nguzo zote, nikaweka kulabu, nikapaka shingo za pini nyekundu. Kisha nikapakia kila rafu mifuko sita ya saruji ya kilo 50, ambayo ni kilo 300 dhidi ya zile 240 za kawaida, nikachora mstari wa kalamu usawa wa kila kulabu na nguzo, tukafunga duka. Asubuhi rafu tano zilikuwa kwenye mstari. Ya sita imeshuka milimita mbili pembe ya kulia nyuma. Mwenye duka akasema milimita mbili si kitu, tupange mali. Nikashusha mifuko, nikamulika: kulabu moja ilikuwa imekalia tone la chuma cha kuchomelea, na usiku kucha lilikuwa linafinyika. Nikalisaga kwa tupa, tukapakia upya, tukasubiri usiku wa pili.